Mwaka wa Sokoine katika Duka la Kijiji

Wajukuu wangu wanalijua jina la Sokoine kama uwanja wa mpira. Wakipanda basi hapa Tukuyu kwenda Mbeya kuwatazama Mbeya City au Tanzania Prisons, husema wanakwenda Sokoine, na hakuna anayeuliza zaidi. Mmoja wao amesoma Morogoro, kwenye chuo kikuu chenye jina hilohilo. Mwingine alipata kazi Dar es Salaam akanipigia simu kunieleza kwamba ofisi yao ipo Barabara ya Sokoine, karibu na bandari. Arusha nako kuna Barabara ya Sokoine, na hospitali ya mkoa wa Lindi inaitwa Sokoine. Jina limesambaa nchi nzima, na mwenye jina amebaki kuwa maneno machache: Waziri Mkuu mkali, hakula rushwa, akafa kwa ajali. Ni kweli yote. Mimi nilikuwa nauza katika duka la kijiji hapa Kawetele mwaka 1983, na nina mambo ya kuongeza kabla sisi tulioyaona hatujaisha.

Lazima nianze na uhaba, maana kijana wa leo akisikia sukari hakuna anadhani imepanda bei. Wakati ule ungeweza kuwa na pesa mfukoni, ukatembea kutoka Kawetele hadi Bulyaga, ukazunguka hadi Makandana, usipate pa kuitumia. Njaa haikuwa shida yetu. Wilayani kwetu Rungwe mvua hainyimi. Kila nyumba ina migomba nyuma yake, kuna maharage, viazi, magimbi na maziwa. Wenzetu wa mijini walikula ule unga wa njano wa msaada walioubatiza Yanga. Sisi tulikuwa na ndizi. Kilichotuumiza ni vitu visivyoota shambani: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viberiti, nguo, betri, majembe. Mashamba ya chai yametuzunguka, Kyimbila huku, Katumba kule, na bado mtu alikunywa chai kavu huku akitafuna muwa. Kina mama walichoma maganda ya ndizi, wakachuja maji ya jivu lake, wakafulia. Nguo ilitakata, viganja vikapasuka. Watoto walikuja shule na kaptula zenye viraka juu ya viraka. Msiba ukitokea, kupata sanda ulikuwa mtihani wa ukoo mzima.

Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilitoka mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata Idi Amin akavamia Kagera, na vita vile, ambavyo vijana wa Rungwe nao walikwenda kupigana, vikamaliza akiba ya fedha za kigeni. Bei ya mafuta ikapanda duniani, bei ya kahawa yetu ikaanguka, viwanda vya nguo na sabuni vikakosa vipuri na malighafi. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Edward Moringe Sokoine ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu kipindi cha vita, tangu Februari 1977. Mwaka 1980 aliacha kazi kwa sababu za afya, nafasi yake akaishika Cleopa Msuya.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na stoo kwa nyuma. Bidhaa zilikuja kwa mgao kutoka mkoani: magunia machache ya sukari, katoni za sabuni, madebe ya mafuta ya taa, na hizo ni za kaya zote. Nilikuwa na daftari. Kila kaya ilikuwa na mstari wake, na kila mstari saini yake au alama ya dole gumba. Balozi wa nyumba kumi alisimama mlangoni kuwathibitisha watu wake. Bei ilipangwa na Tume ya Bei, nasi tuliibandika ukutani. Mkaguzi akija alikuta kila kitu kimenyooka.

Kilichoharibu mambo ni vimemo. Gari la mgao likishapakua, kabla foleni haijasogea, walianza kufika watoto wameshika vikaratasi vilivyokunjwa. Mpe mleta barua hii kilo kumi. Nisaidie katoni moja, nitakuona. Zilikuwa saini za wakubwa wa ofisi mbalimbali, na mimi nilikuwa kijana niliyeajiriwa na kijiji. Mwenye kimemo ni mtu ambaye angeweza kunifukuzisha kazi kabla jua halijazama. Foleni iliona. Mama mmoja mjane, aliyekuja tangu alfajiri na jani la mgomba kichwani kwa ajili ya mvua, aliona. Alipofika kaunta nilimwambia sukari imekwisha. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ndaga, mwanangu," kama vile nimempa, akashika njia ya kwake. Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, na hakuna lililonichoma kama ile shukrani.

Kilichotoka kwa vimemo tulikiona tena jioni kwenye vyumba vya watu, bei mara tatu au nne ya ile iliyobandikwa ukutani. Huo ndio ulanguzi tulioujua sisi. Wengine walipenda kuuchora kwa sura ya Mhindi au Mwarabu mwenye duka kubwa mjini, na wapo waliokuwa hivyo. Wa kwetu ulikuwa na mhuri.

Sokoine alirudishwa kwenye uwaziri mkuu tarehe 24 Februari 1983. Mwishoni mwa Machi msako ukaanza. Nilikuwa na redio, na betri zake nilizianika kwenye kichanja juu ya jiko zipate joto, kwa kuwa jua la Tukuyu mwezi Machi si la kutegemea. Zilinipa robo saa ya habari, na robo saa ilitosha. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikitaja yaliyokamatwa: marobota ya nguo, magunia ya sukari, matairi, vipuri, fedha taslimu zilizofichwa majumbani. Waliotiwa mbaroni hawakuwa wafanyabiashara peke yao. Watumishi wa serikali na wa mashirika ya umma walikuwamo. Watu walijazana dirishani kwangu kusikiliza, wamejifunika mablanketi, na kila kilipotajwa kiasi fulani walivuta pumzi kwa pamoja.

Asubuhi moja katika siku zile, nikielekea dukani, nilikuta watu wamejaa kando ya mtaro wa barabara. Usiku kuna mtu alikuwa amemwaga sabuni, mche kwa mche, katoni zimechanwa zisijulikane za nani. Aliona afadhali kuitupa kuliko kukutwa nayo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha kama kawaida yetu. Povu jeupe lilitiririka mtaroni hadi chini kwenye migomba. Kina mama wakafungua kanga za mabegani wakazoa vipande pamoja na matope yake. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji ya jivu, alisimama na mche ulioyeyuka nusu mkononi akauliza, "Kumbe ilikuwapo?"

Ukitaka kujua kwa nini nchi hii ilimpenda Sokoine, chukua swali la bibi yule. Tulikuwa tumeambiwa miaka yote kwamba vitu hakuna, na tulikuwa tumevumilia kama watu wanaovumilia ukame, kwa kuamini kwamba ukame hauchagui. Siku ile tulijua kwamba sehemu ya ukame ule ilikuwa imefungiwa ndani kwa kufuli.

Gari la mgao lilipokuja tena, nikajiandaa kwa vimemo. Havikuja. Nikadhani vimechelewa. Nikaanza kuita majina kwenye daftari, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Mwenyekiti wa kijiji alipanga foleni kama watu wengine. Mjane yule alipata kilo yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Ninataka hili lieleweke vizuri, maana hadithi za siku hizi huwa zinaliruka: sukari haikuongezeka hata punje. Magunia yalikuwa machache vilevile, pengine yalipungua. Kilichobadilika ni kwamba yaligawiwa kwa kufuata daftari. Kwa mwaka mmoja, kutoka masika ya 1983 hadi masika ya 1984, daftari la duka la Kawetele lilisema kweli. Sikuwahi kumwona Sokoine kwa macho, wala sikumbuki kama aliwahi kukanyaga Kawetele. Lakini alikuwapo kwenye kaunta yangu kila siku ya mgao, na wakubwa wote wa vimemo walimwona.

Sasa niseme upande wa pili, na ninausema kwa heshima ileile.

Mjini palikuwa na mzee mmoja mwenye kiduka na cherehani moja barazani. Chumvi ilipoadimika kabisa, kwake ilipatikana. Sukari na sabuni alikuwa akizipata kwa watu waliovuka mto Songwe kutoka Malawi, usiku, vichwani, kupitia Kyela. Aliuza ghali, ndiyo. Alikopesha pia. Mwanamke aliyejifungua alipelekewa kipande cha sabuni na hakudaiwa hadi kahawa iuzwe. Msako ulipofika alikutwa na gunia na nusu la sukari na kanga kadhaa, akachukuliwa. Watu waliosimama kumtazama akipandishwa gari, baadhi yao walikuwa wamenunua kwake juzi yake. Wachache walishangilia. Alirudi baada ya miezi, amekonda, haongei. Cherehani ilikuwa imechukuliwa pamoja na vitu vingine na haikupatikana tena. Hakufungua duka hadi alipofariki.

Mke wake alinisimamisha siku moja njiani. Hakupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa na stoo kubwa kuliko ya mume wangu, na sote tunajua vilivyokuwa vikitoka humo. Mbona waliokuandikia hawakukamatwa?" Ni kweli, katika wale wenye vimemo niliowajua, hakuna aliyeguswa. Waliogopa, wakanyamaza, wakangoja.

Baadaye nilikwenda chuo cha ualimu, nikafundisha historia hadi nilipostaafu, na ndipo nilipoielewa sheria iliyotumika katika msako ule. Watu walianza kukamatwa kwanza; Bunge likatunga sheria ya uhujumu uchumi baadaye mwaka huohuo wa 1983, na ikarudi nyuma kuwahusu waliokwisha kukamatwa. Likaundwa baraza maalumu la kusikiliza kesi, nje ya mahakama za kawaida. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Dhamana hakuna. Nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi jambo hili darasani, walikuwa wakiuliza kama Sokoine alikuwa mtu mwema au mbaya, na mimi niliwakatalia swali hilo. Niliwaambia waandike yote mawili katika ukurasa mmoja: mjane na kilo yake, mzee na cherehani yake. Atakayeandika moja akaacha jingine atakuwa ameandika habari za mtu mwingine.

Mwaka huohuo ilikuja pia sheria ya Nguvu Kazi, kila mtu awe na shughuli inayojulikana. Binamu yangu aliyekuwa akiuza maji ya matunda Dar es Salaam alikamatwa barabarani akarudishwa kijijini. Alikaa Kawetele kama mwezi, akalima kidogo, akaondoka. Walirudi mjini karibu wote. Sera ile ilishindwa, na sioni haja ya kuizungumza zaidi. Afadhali nikumbuke kwamba kipindi kilekile serikali ya Sokoine iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, baada ya mabasi ya shirika kuzidiwa, na daladala zikawa halali. Mtu aliyewabana wafanyabiashara kuliko kiongozi mwingine yeyote ndiye aliyewafungulia mlango huo. Hakuwa mtu wa nadharia moja. Aliona watu wamesimama kituoni, akataka wapande gari.

Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984 mvua ilikuwa kubwa hata mlima Rungwe haukuonekana siku nzima. Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenye Bunge kuelekea Dar es Salaam. Karibu na Dakawa, kabla ya Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa chama cha ukombozi cha ANC, ambacho watu wake walikuwa na makazi maeneo yale. Mwalimu mwenyewe akazungumza redioni kututangazia. Nilishazoea sauti ya Mwalimu katika vita, katika njaa na katika kutukaripia. Ile ya siku hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Sokoine alikuwa na miaka 45. Alizikwa kwao Monduli Juu.

Hapa Kawetele hakuna aliyeambiwa alie. Jumapili ya Mitende ilikuwa siku tatu baadaye, na kanisani watu waliimba huku wanafuta machozi, matawi mkononi. Mjane wa foleni alikuja dukani, siku isiyo ya mgao, akaniuliza, "Sasa itakuwaje?" Nilidhani anauliza habari za nchi. Alikuwa anauliza habari za daftari.

Kabla ya mwisho wa mwezi Mei kimemo cha kwanza kikafika. Karatasi ileile, mwandiko uleule.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka 40, na ndilo ninalotaka kulisema zaidi ya yote katika kumbukumbu hii. Sokoine alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ulifika hadi chumba kimoja cha mbao wilayani Rungwe. Ulifika kwa njia ya hofu. Hakuna kilichokuwa kimejengwa pale kaunta ambacho kingeweza kusimama bila yeye: hakukuwa na kamati ya wananchi yenye meno, wala mahali ambapo karani kama mimi angeweza kupeleka kimemo akalindwa. Watu walitii kwa kuwa Waziri Mkuu alikuwa hai. Tukampa mtu mmoja mzigo wa nchi nzima, na barabara ya Dakawa ikamaliza kila kitu kwa dakika moja.

Kuhusu kifo chenyewe, wapo hadi leo wasiokubali kwamba ilikuwa ajali. Nimekaa katika vilabu na misiba ambako mjadala huo umeanza baada ya chakula cha jioni ukaendelea hadi jogoo. Mimi sina ushahidi wa jambo jingine, na ninaona mjadala ule umetugharimu. Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kutoa mfano wa Harold Holt, Waziri Mkuu wa Australia, aliyeingia baharini kuogelea katika ufuko wa Cheviot tarehe 17 Desemba 1967 asionekane tena. Mwili haukupatikana. Watu wa kwao walizusha kila kitu, hata kwamba alichukuliwa na nyambizi ya Wachina. Miezi saba kabla ya hapo serikali yake ilikuwa imeitisha kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wakakubali kwamba Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile, wahesabiwe katika sensa kama watu wengine, na serikali ya nchi ipate mamlaka ya kuwatungia sheria. Mwaka 1966 serikali hiyohiyo ilianza kulegeza sera ya kuwazuia wahamiaji wasio Wazungu. Hizo ni kazi zinazobadilisha nchi. Wanafunzi wangu, nikiwauliza wiki iliyofuata, walikumbuka nyambizi. Kifo cha ghafla kinaweza kuimeza kazi ya mtu, na kwa Sokoine nimeona kikiimeza hivyo hivyo: kijana anajua uvumi wote wa Dakawa, lakini hajui hata jina la sheria iliyopitishwa mwaka 1983.

Bidhaa zilirudi. Tuseme kweli zilirudije. Bajeti ya katikati ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize vitu kutoka nje bila kuulizwa alizipata wapi, na Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 mlango ukapanuliwa zaidi. Ndani ya muda mfupi sabuni ilijaa Tukuyu, ya kila rangi. Mwaka 1986 vijana wetu wa Tukuyu Stars walipochukua ubingwa wa Tanzania, waliokwenda Mbeya kushangilia walivaa mashati mapya. Duka la kijiji likafa lenyewe. Hakuna tena aliyehitaji mgao. Waliosomea uchumi huniambia kwamba mlango uliofunguliwa ndio ulioleta vitu, na kwamba msako haukuzalisha kilo moja. Ninakubali. Nimekwisha kusema kwamba sukari haikuongezeka. Lakini nilikuwapo mlango ulipofunguka, na wa kwanza kupita walikuwa wale wenye fedha, na baadhi ya fedha hizo zilikuwa zimetokana na vimemo. Mzee wa cherehani hakuwa miongoni mwao.

Na ile sheria ya uhujumu uchumi? Mwaka huohuo wa 1984 ilifutwa, ikaletwa nyingine iliyorudisha kesi mahakamani na kuwaruhusu mawakili. Hiyo ndiyo Sheria ya Uhujumu Uchumi tuliyonayo hadi sasa, imerekebishwa mara kadhaa. Marekebisho ya 2016 yalianzisha divisheni maalumu ya Mahakama Kuu ambayo wengi huiita Mahakama ya Mafisadi. Wapo wanaoshtakiwa kwa sheria hiyo wakakaa rumande muda mrefu huku upelelezi haujakamilika. Ninaposikia habari zao redioni ninamkumbuka mama aliyenisimamisha njiani. Huo nao ni urithi wa mwaka wa Sokoine, na haujawekewa kibao popote.

Ukiniuliza ni kitu gani kilichojengwa kikasimama bila yeye, nitakupeleka Morogoro. Chuo Kikuu cha Kilimo kilianzishwa tarehe 1 Julai 1984, hata miezi mitatu haijatimia tangu azikwe, kutokana na kitivo kilichokuwa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kikapewa jina lake, na kwa hili jina lilikaa mahali pake, maana alikuwa mfugaji wa Kimaasai aliyetaka nchi ijilishe. Mabwana shamba na mabibi shamba waliosoma pale nimewaona wakipanda vilima vyetu na buti za mpira. Walisimama na sisi kwenye viazi vilivyoungua kwa ukungu wa baridi, kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa, na miaka ya karibuni kwenye maparachichi ambayo yamezijengea nyumba za matofali familia nyingi za Rungwe. Mjukuu wangu aliyesoma huko amenieleza habari za panya buku wanaofundishwa pale Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia, na watu wamerudi kulima mashamba waliyokuwa wakiyaogopa. Habari hii inanifurahisha kuliko sanamu yoyote. Chuo kile kingeendelea kufundisha hata kama sisi sote tungelisahau jina lililopo getini.

Urithi mwingine ni mgumu kuuonyesha kwa kidole. Kila mara nchi hii inapotikisika kwa habari za wizi wa wakubwa, jina la Sokoine hurudi midomoni. Februari 2008, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, wa jirani zetu Kyela, ilipowasilisha ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, watu hapa kijiweni walizungumza habari za Sokoine siku nzima, kwa sababu yeye na Lowassa wote walitoka Monduli. Magufuli alipoanza kazi mwaka 2015 wakamtaja tena. Kijana ambaye alikuwa hajazaliwa mwaka 1984 anasema angekuwapo Sokoine. Ninamwelewa, na ninahuzunika, maana sentensi ile inamngoja mtu. Sisi tulimpata mtu. Tulikuwa naye mwaka mmoja na miezi miwili kasoro katika awamu yake ya pili, na alipoondoka tulirudi kwenye vikaratasi vilivyokunjwa.

Mwaka 2024, miaka 40 ilipotimia, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Monduli kwenye misa ya kumbukumbu, na baadaye mwaka huohuo akazindua kitabu cha maisha na uongozi wa Sokoine. Nilifurahi kwamba nchi imeandika. Ningependa sasa kuandikwe kitabu cha pili, cha waliokuwa upande huu wa redio: waliozoa sabuni matopeni, mabalozi wa nyumba kumi waliosimama mlangoni, makarani wa maduka ya vijiji, waliochukuliwa na familia zao. Tunapungua kila masika. Mjane wa foleni amelala kwenye migomba yake tangu zamani. Mtoto wa mzee wa cherehani yupo, anauza vifaa vya ujenzi hapa Tukuyu, na anaikumbuka vizuri kuliko mimi siku ile baba yake alipopandishwa gari. Nimezungumza naye. Amekubali kukaa na yeyote atakayekuja na kalamu, ilimradi asije kwa haraka.